Daftari Lililoachwa Wazi: Barua kwa Wenye Vituo vya Ushauri Nasaha Kisiwani Mombasa

Kwenu wenye vituo vya ushauri nasaha, kutoka Kizingo na Ganjoni hadi Tudor, Majengo na huku kwetu Mji wa Kale, na kwenu mnaozunguka sasa mkitafuta vyumba vya kupanga ili mfungue vyenu.

 

Mwezi uliopita wenzangu watatu, kila mmoja kwa siku yake, walinipigia simu kuniomba niwatafutie watu wa kazi. Mmoja ataka washauri wawili, mwingine mpokezi, wa tatu ataka kila mtu, maana ndiyo kwanza amelipa kodi ya miezi mitatu na hana hata viti. Nikawaambia waniandikie sifa za mtu wanayemtaka. Wakaniandikia, na karatasi zote tatu zilikuwa kama zimetoka mkono mmoja: awe na shahada, awe amesajiliwa, awe na uzoefu wa miaka kadhaa, ajue kompyuta, na mwisho kabisa, kama chumvi iliyokumbukwa chakula kishapakuliwa, "awe mtu wa kuweka siri".

Sijamjibu hata mmoja. Jawabu langu halitoshi kwenye simu, tena lina aibu yangu ndani yake, na aibu ukimnong'oneza mtu mmoja mmoja hugeuka udaku. Bora niiseme mbele yenu nyote.

Nilipoanza kazi hii kwa jina langu mwenyewe, miaka mingi kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nilipanga vyumba viwili juu ya duka, katika nyumba ya zamani ya kuta nene za matumbawe. Zile kuta nilizisifu kila mahali. Nikiwaambia watu kwamba kwangu hata ukipiga ukelele, aliye chumba cha pili hakusikii. Ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, na pale zinapoishia nikaweka meza ya mpokezi na kiti kimoja cha kungojea, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Mpokezi alikuwa msichana wa mtaa wa pili, katoka kidato cha nne, mwenye adabu, anayewaamkia wazee kabla hawajamaliza kupanda. Nilimlipa kidogo. Na nikisema kidogo nina maana kwamba mwezi mmoja nilipopiga hesabu, niliona udi na mapazia vimenila zaidi yake.

Akaja mama mmoja mwenye mashaka katika ndoa. Alikuja saa tano asubuhi, wakati wanaume wako kazini na wanawake wako jikoni, akapitia kichochoro cha nyuma. Hata adhana ya alasiri haijatoka, mama mkwe wake alikuwa keshajua kwamba alikuwa kwangu, na alijua hata siku na saa aliyoandikiwa kurudi. Yule mama hakurudi tena. Aliniletea ujumbe wa simu, maneno matatu tu: "Nilikuamini, dada. Basi."

Jioni ile ile nilimfukuza mpokezi. Sikumwuliza kitu. Msichana wa mtaani, mshahara mdogo, simu mkononi mchana kutwa: ni nani mwingine? Alisema, "Wallahi si mimi, dada." Nikamhesabia pesa za siku zake, akashuka zile ngazi akilia.

Majuma matatu baadaye nilikuwa nikizungumza na bibi mmoja ambaye naye alikuwa akija kwangu. Akacheka, akaniambia: "Mwalimu, una hati nzuri wewe. Yasomeka hata kwa mbali." Nikahisi miguu imekufa ganzi. Kila mchana nilikuwa na mazoea ya kulichukua daftari la miadi kuhesabu nani kalipa na nani bado, kisha nikaliacha pale mezani, limefunuliwa: majina, nambari za simu, siku na saa. Siku ile mpokezi nilikuwa nimemtuma nje. Kile kiti cha kungojea kilitazama meza. Bibi yule alifika mapema, akakaa, akajisomea, na alikuwa jamaa wa yule mama mkwe.

Basi mnaponiandikia "awe mtu wa kuweka siri", huwa naliona daftari lile. Siri ile ilivunjwa na mimi, mwenye shahada, mwenye hati nzuri. Aliyelipa ni yule aliyekuwa chini kabisa, ambaye sikumpa droo yenye kufuli, wala mafunzo ya hata nusu siku, wala mshahara unaomfanya mtu aogope kuupoteza. Siri katika kazi yetu haitoki mfukoni mwa mwajiriwa mmoja mwema. Imo katika mahali ulipoweka meza, katika muda unaoupitisha kati ya mgeni anayetoka na anayeingia, katika jinsi unavyowalipa watu wako na jinsi unavyowasikiliza. Mji wa Kale ukitaka kuhamisha ukuta utapitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa. Kuhamisha meza hakuhitaji kibali cha mtu.

Na kuhusu kumfukuza: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yataka mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwapo, na asikilizwe kabla hujakata shauri. Mimi nilikuwa nalipwa kusikiliza watu. Yeye sikumpa hata dakika kumi.

Tumshike mpokezi kwanza, kwa vile ninyi nyote mmemweka mwisho. Katika karatasi zile tatu, mshauri ameandikiwa mistari kumi na mpokezi ameandikiwa "mchangamfu". Lakini mtu anayekuja kwetu huwa ameshakata shauri la kurudi nyuma mara tatu njiani. Kapita Ndia Kuu akajifanya anatazama vitu vya kale vya kuwauzia watalii, kazunguka, karudi. Wa kwanza kumwona ni bawabu, kama unaye, na wa pili ni mpokezi. Mpokezi akisema kwa sauti, "Ah, mtoto wa fulani! Habari za mama?", kikao kimekwisha kabla hakijaanza, hata kama ndani umemweka bingwa wa dunia. Mpokezi wa Kisiwani lazima ajifunze jambo ambalo malezi yetu yanalikataza: kumwona mtu unayemjua na usimjue. Hilo ni kinyume cha adabu yetu yote, kwa hivyo msidhani mtu atakuja nalo kutoka nyumbani. Afundishwe, ajaribiwe, alipwe kwa hilo.

Halafu kuna neno "mteja". Tumelizoea kwenye vyeti na warsha, twaliona neno safi. Huku mtaani teja ni mtu wa unga, yaani mtumiaji wa dawa za kulevya, na kila mtu asikiapo "mteja" masikio yake hucheza. Niliwahi kumwona baba mmoja, mtu mzima, kaja kwa huzuni ya kufiwa na mkewe, akasimama na kuondoka kwa sababu aliitwa "mteja anayefuata". Tangu siku hiyo kwangu watu huitwa wageni, na hupewa nambari, wala daftari halina jina hata moja.

Sasa washauri. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, hakuna ruhusa ya kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi. Ulizeni nambari ya usajili, muihakikishe kwa bodi yenyewe, mwulize na cheti cha tabia njema, hasa kwa atakayekaa na watoto. Hilo halina mjadala, na yule mwenzetu anayemwita mpwa wake "mshauri" kwa sababu ana maneno matamu, aache kabla hajaumiza mtu. Lakini cheti ni mlango tu. Wengi husoma kazi hii kwa Kiingereza tangu somo la kwanza hadi la mwisho, kisha tunawaketisha mbele ya bibi wa Kibokoni na kutaraji miujiza. Kijana wa watu hutafsiri kichwani: "Je, hilo linakufanya uhisi vipi?" Bibi humtazama kama aliyeulizwa bei ya mawingu. Mtu wa hapa angeuliza, "Na moyo wasemaje?", na jawabu lingekuja.

Kwa hivyo usaili mimi huufanya kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata na mtu wa bara, maana Kisiwa si cha Waswahili peke yao. Humwuliza swali moja ambalo sijaliona kwenye kitabu. Namwambia: mama ameingia, umemwuliza hali, amesema "alhamdulillahi", umemwuliza tena, amesema "alhamdulillahi, sote wazima". Dakika tano zimepita. Sasa wafanyaje? Ninyi mwalijua neno hilo. Hapa petu mtu hulisema hata akiwa kwenye matanga, na ni shukrani ya kweli, lakini pia ni mlango uliofungwa kwa heshima. Wengi hunijibu kwamba watamweleza tena habari ya usiri. Wengine watakaa kimya, kama walivyofundishwa. Msichana mmoja alifikiri kidogo, akasema: "Ningemwuliza leo kapika nani." Nilimwajiri siku ile ile. Ukijua jikoni kuna nani, umeshajua kama anaishi na mawifi, kama anakula, kama anaamka kitandani asubuhi, nani anashika funguo za stoo. Hilo halimo kwenye cheti chake, ingawa cheti alikuwa nacho.

Swali la pili ni la jini. Akija mtu akakwambia usiku kuna kinachomkaba, au kwamba mtoto wake amechezewa, au kwamba amekwisha kusomewa na kunywa kombe na bado? Sihitaji mshauri anayeamini wala asiyeamini, hilo ni lake na Mola wake. Namtaka anayejua kwamba mtu huyo amemkabidhi jambo zito kwa maneno aliyonayo, na anayejua pia ni lini mtu huyu si wa kukaa na sisi tena bali wa kufikishwa kwa daktari, hospitali kuu ya Pwani pale Makadara au Port Reitz kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Mshauri anayetabasamu anaposikia neno jini, mshukuruni, mpeni nauli, aende.

Mtaniuliza: je, tuajiri watu wa mtaa au wageni? Hapa ndipo hasa panapohitaji timu, na ndiyo sababu simshauri mtu afungue kituo peke yake Kisiwani. Mtu wa hapa kabla hajakaa huuliza kimoyomoyo: huyu ni mtoto wa nani? Akigundua mshauri ni binamu wa mkewe, atazungumza habari za joto na za bei ya samaki kwa saa nzima, alipe, aende. Akigundua mshauri hajui hata maana ya eda, atachoka kufundisha. Wote wawili wana haki. Ukiwa na mshauri mmoja wa Kuze, mmoja wa Likoni, mmoja aliyetoka Kitui au Kisumu, mwanamume na mwanamke, unaweza kumwuliza mgeni kwa upole, "Ungependa ukae na nani?", na kila mmoja wao akubali bila kinyongo kusema, "Huyu namjua, mpe mwenzangu." Kukubali huko ndiko ninakokutafuta kwa mtu kuliko miaka ya uzoefu. Mshauri anayemng'ang'ania mgeni kwa sababu ni wake, ataharibu nyumba nzima.

Mabibi zetu walilijua hili kwa njia yao. Binti alipotafutiwa somo wa kumfunda, hakuna aliyeuliza amefunda mangapi. Waliangalia nyumba ya mwanamke yule: je, ya ndani yake hutoka nje? Na alipokubali alitunzwa, alipewa leso, alikuwa na fungu lake katika harusi, na heshima yake ilidumu hata binti akazaa. Sitaki kuwapaka sukari. Kazi ya somo ilikuwa binti akae kwenye ndoa, iwe tamu au chungu, na kazi yetu sisi si hiyo. Lakini walimchagua kwa kuangalia namna anavyoishi, kisha wakamtunza. Sisi twachagua kwa karatasi, kisha twamwacha.

Nije kwenye malipo, mahali ambapo najua baadhi yenu mtaikunja barua.

Vituo vingi vyetu haviwalipi washauri mshahara. Huwapa sehemu ya ada, nusu kwa nusu au pungufu, asipokuja mtu hapati. Mwasema biashara ndogo, hakuna njia. Nawaelewa, hata mimi nilianza hivyo. Lakini tazameni Ramadhani. Mchana vyumba ni vitupu, watu hawaji mpaka baada ya Idi. Mwezi ule ule ambao mshauri anatakiwa anunue nguo za watoto, ndio mwezi anaokwenda nyumbani mikono mitupu. Na mtu anayelipwa kwa kichwa hujifunza, hata bila kukusudia, kutomwacha mgeni apone. Vikao sita huwa kumi na viwili. Anayevuka feri kurudi Likoni saa moja jioni, baada ya kungojea kutwa mtu asiyekuja, ana hasira ambayo haitakosa pa kutokea. Wekeni mshahara wa chini usioyumba, hata ukiwa mdogo, kisha nyongeza juu yake. Mkishindwa, ajirini wachache. Na mkataba uandikwe: siku 21 za likizo, miezi mitatu ya uzazi, majaribio yasiyozidi miezi sita isipokuwa mmekubaliana kuongeza. Haya ni ya sheria, si ya ukarimu wenu.

Wanafunzi wa mazoezi nao. Wanatafuta saa za kutimiza ili wahitimu, nasi twazihitaji saa zao kwa sababu hazina bei. Nimeona kituo ambacho mgeni alipokewa na mwanafunzi, akakaa na mwanafunzi, akarudi mara ya pili akamkuta mwanafunzi mwingine, na ada aliyolipa ni ya mshauri kamili. Sitataja mahali. Mwanafunzi akae na mtu mwenye ujuzi, mgeni aambiwe wazi kwamba huyu ni mwanafunzi, ada ipungue, na kijana apewe walau nauli na chakula cha mchana. Kama kituo hakiwezi kusimama bila kazi ya bure, basi bado hakijasimama.

Kuna na wale walioacha unga. Nalizungumza hili polepole. Mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, unga ulipokatika ghafla hapa Pwani, mitaa yetu ilijaa vijana wenye arosto, wakitapika na kutetemeka barazani, na wazazi wao wakikimbia huku na huko. Kliniki ya methadoni ya Malindi ilikuja 2015, ya Kisauni 2017, kwa hivyo wakati ule hapakuwa na hata hiyo. Shahada zetu zilisaidia kidogo sana. Aliyejua kukaa na mtu wa arosto usiku kucha ni aliyewahi kuwa nayo. Tangu zamani mashirika ya hapa yanayowahudumia watumiaji yamewatumia watu hawa kwenda maskani, kwa sababu mimi nikienda maskani watu hutawanyika, na yeye akienda humpisha akae.

Lakini tumewaajiri vipi? Kwa posho. Kwa fulana yenye nembo. Tukipata wageni wa ufadhili, twamsimamisha aeleze maisha yake mbele yao, kila mara upya, kama kwamba hilo nalo limo kwenye kazi yake. Akirudi kwenye unga, jina lake hufutwa siku ile ile, bila barua. Kurudi ni sehemu ya ugonjwa, sote twafundisha hivyo kwenye warsha. Mwajiri wa kweli huandika tangu mwanzo: ukirudi, utapumzika kazi kwa muda fulani, utatibiwa, nafasi yako itakungojea hadi siku fulani, na huku nyuma hutakaa na wageni. Anayejua kwamba atapokewa husema mapema. Anayeogopa kufukuzwa huficha, na anapoficha ndipo hatari ilipo, kwake na kwa wale anaowahudumia.

Jambo moja dogo, ila niliseme kwa sababu limegusa wapokezi wangu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitufikia wakiwa na hofu mbili, ya maumivu yao na ya polisi. Waambieni watu wenu wote, na bawabu akiwamo. Bado nawasikia wengine wakisema "hiyo ni kesi".

Nimefika kwenye ombi langu lenyewe.

Nani humsikiliza msikilizaji? Mwaka 2023, makaburi ya Shakahola yalipofukuliwa na miili zaidi ya 400 kutolewa, wako washauri wa Pwani waliokaa na familia zilizokuwa zikingojea kule Malindi. Mmoja aliniambia kwamba aliporudi aliingia kazini Jumatatu saa mbili, akakuta ameandikiwa watu saba. Saba! Alikaa nao wote. Kwa mtu wa nne, alisema, alikuwa akiona midomo inacheza lakini sauti haiji. Mwajiri wake si mtu mbaya. Hakujua tu kwamba hilo ni la kuulizwa.

Sote twajua kwamba kila mshauri anahitaji msimamizi wa kitaalamu, mtu wa kumpelekea mashaka yake, makosa yake, yule mgeni anayemkera, yule anayempenda kupita kiasi. Vituo vingi vyetu vimemfanya mwenye kituo ndiye msimamizi. Mimi nilifanya hivyo miaka minne, nikidhani naokoa pesa. Sasa fikirini: ninyi mngemweleza mtu anayetia saini mshahara wenu kwamba juzi mlilala kikaoni? Hakuna aliyeniambia hata kosa moja kwa miaka minne, nami nikajisifu kwamba nina timu bora Mombasa nzima. Kumbe nilikuwa nimejiwekea daftari jingine, hili limefungwa kabisa, silioni ndani.

Kituo kimoja hakiwezi kumlipa msimamizi wa nje. Vituo sita au saba vyaweza. Nawaomba tuchange, kila mmoja kwa idadi ya watu wake, tuwaweke wasimamizi wawili wasio na hisa katika kituo chochote Kisiwani, na kila mshauri awe na saa yake kwao bila sisi wenye vituo kupata ripoti. Hata neno moja. Tukubaliane pia kwamba mshauri asikae na zaidi ya watu watano kwa siku. Na tuvifute kwenye mikataba yetu vile vifungu vya kumkataza anayeondoka asifanye kazi popote Kisiwani kwa miaka miwili. Najua mnaogopa ataondoka na wageni. Mgeni si ng'ombe wa kuwekewa alama. Akimfuata, kamfuata, na sisi tutazame kwa nini kaondoka yule wa kwanza.

Nawaalika kwangu Kibokoni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri. Chai na mahamri vitakuwapo, na ngazi zenyewe mwazijua. Mtaona meza imehamia chumba cha ndani na kile kiti hakitazami kitu isipokuwa dirisha.

Nimemwomba yule aliyekuwa mpokezi wangu aje azungumze wa kwanza. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili, anauza nguo karibu na Marikiti. Nilikwenda kumwomba radhi mwaka uliofuata baada ya kumfukuza, akanisamehe mlangoni bila kunikaribisha ndani. Safari hii alinikaribisha. Nilimweleza kwamba wenye vituo wanataka kujua namna ya kupata watu wazuri wa kazi, na kwamba ningependa wamsikie yeye. Akaendelea kukunja nguo, kisha akauliza kama siku hiyo atalipwa, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yake ya mauzo. Nikamwambia atalipwa. Akasema nimwandikie.

Nimemwandikia.

Ni mimi mwenzenu,
mshauri nasaha, Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa